Kodi ya Kubisha Hodi

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeshika daftari la mahudhurio, kwanza kama mwalimu wa darasa, kisha kama mwalimu mkuu. Wakufunzi wetu chuoni walitufundisha kwamba daftari hilo ndilo kioo cha shule, na ukitaka kujua kama sheria fulani ni nzuri au mbaya, utazame nani amekuja na nani hakuja. Nimefika miaka ya sabini na bado sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho. Ndicho kilichonifikisha kwenye imani ambayo sitaiacha: jambo ambalo serikali inataka kila mtu alifanye kwa faida ya wote, isimtoze mtu fedha mlangoni anapokuja kulifanya. Ukimtoza, mwaminifu atalipa huku ananung'unika, maskini atageuza njia, na mjanja atapitia dirishani bila kulipa hata senti moja.

Leo nataka kuitumia imani hiyo kwenye jambo la nchi ya mbali, nalo ni ada na kodi wanazotozwa Wamarekani wanapouziana bunduki wao kwa wao. Msomaji wangu atauliza, mzee huyu na bunduki za Marekani wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Watoto wetu wengi wanaishi huko, na wajukuu zetu wanasoma katika shule za huko. Mimi mwenyewe nina mwana anayeishi Tacoma, katika jimbo la Washington, na nimekaa kwake mara mbili kwa miezi kadhaa. Mwenye mjukuu katika shule ya Marekani ana haki ya kuzungumzia bunduki za Marekani. Sizungumzii kama Mmarekani awe na silaha au asiwe nayo. Hilo limo katika katiba yao tangu marekebisho ya mwaka 1791, na ni lao kulijadili. Nazungumzia kitu kidogo zaidi ambacho nadhani wanakikosea: nani alipe gharama ya ukaguzi.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Kwa sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968, mtu anayefanya biashara ya kuuza silaha Marekani lazima awe na leseni ya serikali ya shirikisho. Sheria nyingine ya mwaka 1993, iliyopewa jina la James Brady, yule msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi mwaka 1981 pamoja na rais wake, ikaongeza kwamba mnunuzi akaguliwe kabla hajakabidhiwa silaha. Tangu Novemba 1998 ukaguzi huo unafanywa kwa mtambo wa kompyuta unaosimamiwa na FBI. Mnunuzi anajaza fomu, mwenye duka anauliza, na jibu hurudi mara nyingi kwa dakika chache: apewe, asubiri, au anyimwe. Anyimwe ikiwa, kwa mfano, amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, au yuko chini ya amri ya mahakama kwa kumtishia mke wake.

Hapa kuna jambo ambalo nakuomba ulikumbuke, maana nitalirudia. Kwa ukaguzi huo wa FBI, serikali ya shirikisho haitozi kitu. Bunge lao lilikataza FBI kutoza ada kwa kazi hiyo. Waliona, kwa busara, kwamba hiyo ni kazi ya ulinzi wa umma, na ulinzi wa umma unalipiwa na umma.

Lakini sheria ya Brady ilimgusa mwenye duka peke yake. Raia wa kawaida aliyetaka kumwuzia bunduki raia mwenzake wa jimbo hilo hilo hakulazimishwa na sheria ya nchi kumkagua mtu. Wangeweza kukutana popote, fedha mkono huu, bunduki mkono ule, kila mtu akashika njia yake. Hapo pana tundu kubwa, na kila mwenye akili analiona. Mtu aliyekataliwa dukani asubuhi angeweza kununua jioni kwa jirani asiyemjua vizuri.

Baadhi ya majimbo yakaamua kuliziba tundu hilo. California ilitangulia mwaka 1991, ikasema kila mauzo ya mtu kwa mtu yapitie kwa mwenye duka mwenye leseni. Mwaka 2013, baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook Desemba 2012, Colorado, New York na Delaware zikafuata. Washington, jimbo anakoishi mwanangu, ikafuata mwaka 2014 kwa kura ya wananchi wenyewe, na asilimia 59 hivi walisema ndiyo.

Siku kumi na moja kabla ya kura hiyo, tarehe 24 Oktoba 2014, mvulana mmoja wa shule ya sekondari ya Marysville, kaskazini ya Seattle, aliwapiga risasi wanafunzi wenzake aliokuwa amewaalika wakae naye mezani wakati wa chakula. Wanne walikufa, naye akajiua. Bastola ilikuwa ya baba yake. Baba huyo alikuwa chini ya amri ya mahakama ya kabila la Tulalip ambayo ilipaswa kumzuia kabisa asinunue silaha, lakini amri ile haikuingizwa katika kumbukumbu za nchi, basi alipokwenda dukani akaonekana ni mtu safi, akauziwa. Nimelala na habari hii mara nyingi kama mwalimu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale Marysville daftari lilikuwa na ukurasa usioandikwa, na watoto wakapotea.

Naunga mkono ukaguzi, kwa hiyo, tena naunga mkono kwa nguvu. Anayesoma makala hii akidhani nitamaliza kwa kusema ukaguzi ufutwe, afunge kitabu hapa asipoteze muda wake. Ugomvi wangu ni na sanduku la fedha lililowekwa mbele ya mlango wa ukaguzi.

Hebu tuutazame mlango huo. Katika jimbo la Washington muuzaji na mnunuzi wanakwenda pamoja kwa mwenye duka mwenye leseni. Mwenye duka anaishughulikia ile bunduki kama vile anaiuza yeye: fomu zile zile, kumbukumbu zile zile, ukaguzi ule ule. Kwa kazi hiyo sheria inamruhusu atoze ada inayolingana na gharama na usumbufu wake. Sheria haikutaja kiasi. Anayepanga ni yeye. Tangu Januari 2024, ambapo ukaguzi wa jimbo hilo ulihamishiwa kwa polisi wa jimbo, kuna dola 18 nyingine za ukaguzi wenyewe. Tena tangu mwezi huo huo mnunuzi lazima asubiri siku 10 za kazi kabla ya kukabidhiwa. Siulalamikii muda wa kusubiri, maana hasira nyingi hupoa kwa siku kumi. Nahesabu fedha tu.

Katika ziara yangu ya pili nilimsindikiza mzee mmoja jirani ya mwanangu, mjane aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote. Alikuwa na bunduki ya kuwindia paa, na mikono yake imeanza kutetemeka. Akaona heri aiuze kwa kijana mmoja wa kanisani kwake kwa dola 300. Angeweza kumkabidhi sebuleni na hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Akaifunga ndani ya sanduku lake, akampigia simu kijana, tukaenda dukani. Duka silitaji. Pale kaunta wakamwambia ada ni dola 50, ongeza na zile 18. Kisha karani akaandika na kodi ya mauzo juu ya zile dola 300, yaani dola 30 na kitu, kwa sababu pale Tacoma kodi ya jimbo na ya mji zikijumlishwa hupita asilimia 10. Kijana alikuwa ameisoma sheria, akasema kodi haitakiwi. Wakabishana. Akaitwa mkubwa wa duka, akaenda kutazama, akarudi akaifuta kodi. Ada ikabaki.

Tulipotoka nje kijana akasema jambo lililonikaa moyoni. Alisema wenzake kazini walimwonya asijisumbue. Wao, wakitaka kuuziana, hukutana kwenye uwanja wa kuegesha magari, na biashara inakwisha kwa dakika tano. Yeye alikuja dukani kwa sababu mzee alimtaka. Ndugu msomaji, tazama hesabu hiyo ilivyokaa. Mzee mwaminifu na kijana mwaminifu walipoteza nusu siku, wakalipa dola 68, wakabishania kodi isiyokuwapo. Wale wa uwanja wa magari hawakulipa kitu, na kati yao mmoja anaweza kuwa ndiye yule ambaye ukaguzi uliwekwa kwa ajili yake.

Habari ya kodi inanifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja, kwa maana inaonyesha kwamba waliotunga sheria ile ya 2014 walilielewa jambo hili, kisha wakaliacha nusu njia. Sheria yenyewe inasema wazi kwamba watu wawili wasio na leseni wakiuziana silaha na wakatimiza masharti yote ya ukaguzi, kodi haiwahusu, na mwenye duka aliyewasaidia hana wajibu wa kuikusanya. Yaani mtunga sheria alijiuliza: nikimleta raia kaunta halafu nimtoze kodi ambayo asingeitozwa sebuleni, si nitamfukuza? Akaiondoa. Naye alifanya vizuri, kwani aliifanya kuwa zawadi kwa anayebisha hodi. Lakini akili ile ile, katika sheria ile ile, ikaacha ada ya mwenye duka bila kikomo, kana kwamba shilingi inayotoka mfukoni ikienda serikalini inauma na ikienda dukani haiumi. Kwa mlipaji zote ni shilingi.

Sasa tuulize swali ambalo ndilo kiini: ukaguzi huu unamfaa nani? Mnunuzi haumfai kitu, maana yeye anajijua. Muuzaji humfaa kidogo, anapata utulivu wa moyo. Anayefaidika hasa ni yule ambaye hayupo kaunta: mke aliyemkimbia mume mkatili, karani wa benki, mtoto aliyeketi darasani Marysville. Ukaguzi ni kama chanjo. Mtoto mmoja anachomwa sindano, mtaa mzima unakingika. Ndiyo maana nchi zenye busara hazimuuzii mama chanjo ya mtoto wake mlangoni mwa zahanati. Zinajua akikosa fedha akarudi nyumbani, ugonjwa hautaishia nyumbani kwake.

Wapo watakaonijibu kwamba mwenye uwezo wa kununua bunduki hashindwi kulipa ada. Hilo ni jibu la mtu ambaye hajapiga hesabu. Chukua bunduki ndogo iliyokwisha kutumika, ya kuwindia sungura, ya dola 120. Ada ya dola 50 na ukaguzi wa dola 18 ni dola 68, zaidi ya nusu ya bei ya kitu chenyewe. Chukua bunduki ya tajiri ya dola 2,000. Dola 68 hizo hizo hazifiki asilimia 4. Mzigo unamwangukia mwenye bunduki rahisi, na mwenye bunduki rahisi ndiye aliye karibu zaidi na kishawishi cha uwanja wa magari. Kamba hukatikia pabovu, nasi tunaiongezea uzito pale pale palipo pabovu.

Wengine wanasema basi iwekwe bei ya juu kabisa ambayo mwenye duka asiivuke. Hilo limejaribiwa. Sheria za Colorado na New York za mwaka 2013 ziliweka kikomo cha dola 10. Linapendeza kwenye karatasi. Lakini Colorado haikumlazimisha mwenye duka kuipokea kazi hiyo, na mwenye duka ni mfanyabiashara. Ana karani wa kumlipa mshahara, ana kumbukumbu za kuzitunza kwa miaka, na akikosea leseni yake iko hatarini. Ukimwambia afanye kazi hiyo yote kwa dola 10, atakwambia leo hana nafasi, na kesho hatakuwa nayo. Raia wa kijijini mwenye duka moja tu karibu naye amefungiwa mlango kwa bei nafuu. California imefanya vizuri kidogo: kikomo cha mwenye duka ni dola 10 kwa silaha moja, na wenye maduka, isipokuwa wachache, wanalazimika kuipokea kazi. Hata hivyo jimbo lenyewe linaongeza ada zake zinazozidi dola 30. Kile ilichomzuia mwenye duka asichukue, serikali imekichukua.

Simlaumu mwenye duka. Hakuomba kufanywa mlinzi wa mlango. Wala yeye si dalali katika biashara hiyo, hakuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, hakuisifu bidhaa, hakupunguza bei. Wamekuja wamekwisha elewana. Amepewa kazi ya polisi bila mshahara wa polisi, akaambiwa mshahara wake autafute mfukoni mwa raia. Ukimpa mtu kazi ya serikali, mlipe kwa fedha za serikali. Huo ndio uungwana.

Je, ada hizi kweli zinawazuia watu wasije? Tulifungue daftari la mahudhurio. Watafiti walichunguza majimbo matatu yaliyozipitisha sheria hizi katika miaka ile, Delaware, Colorado na Washington, wakahesabu ukaguzi uliofanyika kabla na baada. Delaware uliongezeka kwa asilimia kati ya 22 na 34, kufuatana na aina ya silaha. Colorado na Washington, kwa jumla, hapakuwa na mabadiliko. Ungetegemea idadi ipande mara sheria inapowaleta kaunta watu ambao zamani hawakuja, lakini haikupanda. Watafiti wenyewe waliona huenda wengi hawaifuati sheria. Sisemi ada peke yake ndiyo sababu. Kuna ubishi wa kisiasa, kuna wakuu wa polisi wa wilaya waliotangaza wazi kwamba hawatahangaika na sheria hiyo, kuna umbali. Ila sababu hizo nyingine ni ngumu kuziondoa. Moyo wa mbishi haubadilishwi kwa hundi. Ada inaondoleka kwa siku moja, kwa kura moja ya bunge la jimbo. Mwalimu akiona nusu ya darasa haipo, huanza na kile kilicho ndani ya uwezo wake.

Sisi Afrika Mashariki hatuhitaji kuagiza ushahidi wa jambo hili ng'ambo. Nimewaandikisha watoto wakati wa ada na nimewaandikisha wakati ada imefutwa. Wakati wa ada tuliwapeleka wajumbe nyumba kwa nyumba, tukawahubiria wazazi faida za elimu, tukatishia sheria, na bado Januari madawati yalibaki wazi. Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, watoto walimiminika mpaka tukakosa mahali pa kuwakalisha. Kenya walifanya hivyo mwaka 2003, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi kwa mwaka mmoja. Wazazi wale hawakugeuka wapenda elimu usiku mmoja. Walikuwa wakiipenda siku zote. Kilichokuwa kikiwarudisha ni sanduku la fedha mlangoni. Hata katika habari ya silaha zenyewe, serikali yetu ilipotaka watu wasalimishe silaha haramu kwa hiari, Septemba na Oktoba 2023, ilitangaza msamaha: aliyeleta hakushitakiwa. Ukitaka mtu alete kitu cha hatari mlangoni kwako, uufanye mlango uwe mwepesi kuliko kichaka.

Sasa niseme na pande mbili zinazogombana huko Marekani, maana zote mbili zinanikera.

Wa kwanza ni wapenzi wa silaha. Wao wanapiga kelele kwamba haki ya katiba haitozwi ada, na wanatoa mfano wa kodi ya kupiga kura, ambayo majimbo ya kusini yaliitumia kuwazuia watu weusi na maskini wasipige kura. Kodi hiyo ilikatazwa katika chaguzi za kitaifa kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1964, na Mahakama Kuu ikaikataza hata katika chaguzi za majimbo mwaka 1966. Mfano ni mzuri na naukubali. Lakini wakiisha kuusema wanaruka mpaka kwenye hitimisho kwamba ukaguzi wenyewe ufutwe. Hapo wanatudanganya. Kodi ya kura ilipofutwa, daftari la wapiga kura halikufutwa. Mtu aliendelea kujiandikisha, ila bila kulipa. Kama kweli wanachokichukia ni ada, wasimame wadai ukaguzi wa bure, nami nitasimama nao. Wasiposimama, tutajua kwamba ada ilikuwa kisingizio.

Wa pili ni wachukia silaha. Baadhi yao, ukiwabana, wanakiri kwamba ada wanaipenda kwa sababu inakera. Wanatumaini usumbufu ukizidi, watu watachoka kuuziana. Hii ni hila, na hila ya sheria haidumu. Mwaka 1934 Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha, bunduki zilizokatwa mitutu na viziba sauti. Wakati ule dola 200 zilikuwa fedha nyingi mno, na nia ilikuwa kuwakatisha watu tamaa. Kiasi hicho kikabaki vile vile kwa miaka tisini, thamani ya fedha ikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka kizuizi kikawa kama uzio wa miwa. Mwaka 2025 bunge lao likaamua kwamba kuanzia 2026 kodi hiyo iwe sifuri kwa viziba sauti na bunduki za mtutu mfupi. Aliyejenga ulinzi wake juu ya bei alijenga juu ya mchanga. Kama unaamini aina fulani ya silaha isiwepo mikononi mwa watu, sema hivyo bungeni, upigiwe kura, ushinde au ushindwe hadharani. Usijifiche nyuma ya risiti ya karani.

Tena wachukia silaha hawa wasahau kabisa kwamba ada inayokera haimkeri jambazi. Jambazi haji kaunta. Inamkera yule yule mzee wa bandarini, mtu ambaye nchi yoyote ingemwomba Mungu iwe na maelfu ya mfano wake.

Nini kifanyike? Mkono mtupu haulambwi, na makala inayolaumu bila kupendekeza ni mkono mtupu.

Kwanza, jimbo lililowalazimisha raia wake kupita kaunta liwalipe wenye maduka kutoka hazina ya umma, kiasi kinachoeleweka kwa kila ukaguzi wa mtu kwa mtu, na mwenye duka aliyekubali malipo hayo asimtoze raia hata senti. Akilipwa haki yake hatakuwa na sababu ya kusema hana nafasi. Pili, pale ambapo hakuna duka karibu au wenye maduka hawataki, kituo cha polisi kiifanye kazi hiyo, siku fulani ya juma, bure. Tatu, ada za serikali juu ya ukaguzi wa mtu kwa mtu, kama zile dola 18, zifutwe kama FBI ilivyokatazwa kutoza zake. Nne, msamaha wa kodi usiishie katika vitabu vya sheria. Ubandikwe ukutani mwa kila duka kwa herufi kubwa, ili mzee asiyesoma sheria asitozwe kitu kisichotakiwa.

Wataniuliza fedha zitoke wapi. Zitoke pale pale zinapotoka fedha za taa za barabarani na magari ya zimamoto. Hakuna anayemsimamisha zimamoto langoni akimdai mwenye nyumba alipe kabla maji hayajamwagwa. Na kama wanataka mfuko maalumu, wanao mfano wa kwao wenyewe: watengenezaji wa silaha na risasi wanalipa ushuru, asilimia 10 kwa bastola na asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo zinakwenda kuhifadhi wanyamapori. Nchi iliyoweza kupanga ushuru wa kumhifadhi bata wa porini haiwezi kushindwa kupanga wa kumhifadhi mtoto wa shule. Atozwe kiwandani yule anayetengeneza maelfu, aachwe mzee anayeuza moja.

Mwisho, nawakumbusha wale wote wanaotunga sheria, huko kwao na huku kwetu, kwamba sheria nyingi hazitekelezwi na polisi. Hutekelezwa na watu wa kawaida wakati hakuna anayewatazama, wanapokuwa sebuleni na kitu mkononi, wakijiuliza wafanye lililo sawa au lililo rahisi. Hapo ndipo serikali inapopimwa. Nchi hupata polisi wachache na mahabusu wachache kila mara raia anapoamua mwenyewe kubisha hodi. Mtu wa namna hiyo hafai kutozwa. Afunguliwe mlango, akaribishwe kiti, ashughulikiwe upesi, na aondoke bila deni.